Natoka Kazini, Naingia Kazini

Nikiangalia gemu nilizocheza miezi hii ya karibuni, karibu zote ni za kazi. Moja nakagua pasipoti mpakani. Nyingine nalima. Nyingine naendesha basi la abiria na kupiga honi. Za mapanga na za kupora magari nimemwachia mdogo wangu, ambaye akishika hizo hata chakula anasahau. Mke wangu ameshaacha kushangaa, siku hizi akipita sebuleni anauliza tu: "Leo umepangiwa zamu gani, baba?"

Swali lake si la kijinga. Mchana kutwa nashughulika na kugomboa mizigo bandarini. Kwa asiyeijua kazi hii: mteja ana kontena lake, mimi natembeza makaratasi mpaka litoke. BL (hati ya meli ya kusafirishia mzigo), ankara, orodha ya mzigo, TANSAD (fomu ya forodha), kibali hiki, kibali kile. Jioni napanda daladala la Segerea, foleni ya Buguruni inafanya yake, nafika Tabata giza limeshaingia. Mtu wa namna hiyo akipata saa moja ya peke yake kabla ya kulala, ungetegemea akalale, au angalau apige zombi. Mimi nafungua simu nakwenda kugonga mihuri.

Niseme la mpira kwanza tulimalize, maana ukitaja gemu Dar watu wanaelewa mpira. Mpira wa gemu kwangu ni wa kibandani. Cha mtaani kwetu kina televisheni tatu, mabenchi, na feni ya ukutani inayomwangalia mwenye kibanda peke yake. Unalipia mechi, anayefungwa anampisha mwingine. Padi zimechoka, kuna moja ukiishika mchezaji anakimbilia kushoto hata hujagusa kitu, na wenyeji wanahakikisha mgeni anapewa hiyohiyo. Kampuni ya EA iliibadilisha gemu yake jina mwaka 2023, FIFA ikawa EA Sports FC, ila kibandani taarifa hiyo haijapokelewa: ni FIFA tu. PES, gemu nyingine ya mpira, nayo kampuni ya Konami waliigeuza eFootball mwaka 2021, na wakubwa wa mtaa bado wanaiita Winning. Ukiwapa nafasi watakusimulia habari za Adriano wa PES 6, yule mshambuliaji aliyepewa nguvu ya shuti 99. Unampelekea mpira mbali kabisa na goli, unabonyeza, kipa anaokota nyavuni. Ukila mkono, yaani mabao matano, pale kibandani, jina lako linabadilika wiki nzima. Ndiyo raha yenyewe hiyo. Nikiicheza gemu hiyohiyo nyumbani na mashine, nachoka kabla ya mapumziko, maana hakuna wa kunizomea.

Sasa mihuri.

Papers, Please ni gemu ya mwaka 2013, kazi ya mtu mmoja, Lucas Pope, Mmarekani anayeishi Japani. Ya simu ilikuja 2022, na ndiyo ninayoicheza. Wewe ni ofisa wa mpakani kwenye nchi ya kubuni, Arstotzka. Ni Novemba 1982, vita ya miaka sita na majirani wa Kolechia imeisha, mpaka umefunguliwa, na kazi umeipata kwa bahati nasibu ya ajira. Unakaa ndani ya kibanda, nje kuna foleni ya watu wamejikunja kwa baridi. Unaita. Anaingia mtu, anaweka karatasi mezani.

Siku ya kwanza ni rahisi: mwenye pasipoti ya Arstotzka anaingia, wengine wote warudi walikotoka. Siku zinavyokwenda zinaongezeka kanuni. Kibali cha kuingia, kibali cha kazi, kitambulisho, uzito wake ulingane na ulioandikwa, mji uliotoa pasipoti uwe kweli uko kwenye nchi hiyo. Meza yenyewe ni ndogo, karatasi zinapandiana, na wewe kidole kimoja kinafunua kitabu cha kanuni huku kingine kikisogeza picha ya mtu ambaye sharubu zake hazifanani na za mbele yako. Mihuri imo kwenye reli inayovutwa kutoka pembeni. Unaiburuta pasipoti chini yake, kijani aingie, nyekundu arudi, na ule mlio wa mhuri kushuka ni mzuri kupita kiasi. Kuna mtu alikaa akaufikiria sana ule mlio.

Mimi miaka yote niko upande wa pili wa dirisha. Naijua sura ya ofisa aliyeona kitu. Najua akirudia ukurasa wa pili maana yake nini, na akiweka kalamu chini maana yake nini. Nilipokaa ndani ya kibanda kile cha Pope kilichonishangaza ni jinsi nilivyoanza kuwachukia watu wa aina yangu. Wenye maelezo marefu. Wenye karatasi tatu wanaoweka mbili halafu wanakuangalia. Unalipwa 5 za pesa ya mle kwa kila mtu uliyemhudumia sawasawa, siku inaisha saa kumi na mbili jioni, na huyu mama anakuambia habari za mwanawe. Nasogeza pasipoti chini ya mhuri hata hajamaliza. Kesho yake pale dirishani kwangu, dirisha la kweli, nikajikuta nimepanga karatasi zangu vizuri kwa mpangilio na nimefunga mdomo.

Kuna siku anakuja bwana mmoja, karatasi zake safi. Anapita, anasema mke wangu yuko nyuma yangu, umtendee wema. Mke anaingia, hana kibali. Anakuambia akirudishwa kwao atauawa. Sasa gemu inavyoendeshwa ni hivi: ukikosea, kimashine kinachapa kikaratasi cha onyo, na maonyo mawili ya kwanza kwa siku hayana faini. La tatu unakatwa. Jioni unaonyeshwa matumizi: kodi ya nyumba, chakula, joto, na kama kuna anayeumwa, dawa. Nyumbani una mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Kwa hiyo yule mke wa watu, ukimpitisha mapema asubuhi, huruma yako ni ya bure. Akija wa pili mwenye kisa chake, naye unaweza kumpitisha bure. Wa tatu utamlipia, na pesa hiyo ndiyo iliyokuwa ya dawa ya mtoto. Hakuna mahali gemu inapokuhubiria. Inakupangia bei tu, halafu inakuacha na foleni yako.

Na katikati ya unyonge wote huo anatokea mzee mmoja anaitwa Jorji. Mara ya kwanza hana karatasi yoyote, anacheka tu. Anarudi na pasipoti aliyoichora mwenyewe kwa mkono, ya nchi ambayo haipo duniani, anakukabidhi kwa heshima zote. Ukimkataa hakasiriki, anaondoka zake, atarudi. Ninao wateja wawili wa aina hiyo na nawapenda kuliko wenye karatasi kamili.

Nimejiuliza kwa nini makaratasi ya mchana yananiumiza kichwa na ya usiku yananipumzisha. Nadhani ni kile kitabu cha kanuni. Kipo mezani, kimeandikwa, na kanuni ikibadilika unaambiwa asubuhi kabla ya kufungua dirisha. Ukipigwa faini, kikaratasi kinakuambia umekosea nini: kibali kimepitwa na wakati, jina halilingani. Mimi nimewahi kuzungushwa kutwa nzima kwa fomu ambayo watu wanne walikubaliana ina kasoro na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniwekea kidole pale penye kasoro. Serikali ya Arstotzka ni ya kidikteta, inapiga watu risasi, lakini angalau kikaratasi chake kinasomeka.

Kutoka hapo nikahamia shambani.

Stardew Valley ni gemu ya kulima, na mtu wa Dar hahitaji kuelezwa utamu wa kulima kwa mbali. Kila ofisi mjini ina mtu aliyewahi kulima matikiti kwenye karatasi. Ekari moja, mashimo kadhaa, kila shimo matunda mawili, kila tunda elfu mbili, toa gharama, mwezi wa tatu unanunua gari. Shamba lenyewe liko Mkuranga au Bagamoyo, bosi yuko Posta, na kilimo chote kinapita kwenye simu: "Bosi, hali ni nzuri sana, ila dawa imeisha." Wiki ijayo: "Bosi, hali si mbaya, ila pampu." Nimechanga kwenye shamba la namna hiyo na jamaa zangu, na ninachoweza kusema ni kwamba tikiti moja tulilikula wote.

Stardew ndipo mahali pekee nilipoona hesabu ya karatasi ikitoka vilevile shambani. Gemu hiyo nayo ni ya mtu mmoja, Eric Barone, aliyejifungia zaidi ya miaka minne akiandika, akichora na kutunga muziki mwenyewe, ikatoka mwaka 2016. Unafika shambani unakuta mbegu 15 za mzizi fulani mweupe wa jamii ya karoti. Unalima, unamwagilia kila asubuhi, siku ya nne unavuna. Siku ya nne kweli. Hakuna dawa iliyoisha. Usipoweka sanamu ya kutishia ndege, kunguru wanakula, na hilo angalau sisi wa Dar tunalielewa vizuri. Msimu una siku 28, ukigeuka, mazao ambayo si ya msimu unaoingia yanakufa yote usiku mmoja, kwa hiyo ukipanda kitu cha siku nane huku zimebaki sita ni shauri yako.

Ushauri kwa wenye umeme wa LUKU unaoelekea ukingoni: ichezeni kwenye simu. Nilianza nayo kwenye PS4 yetu ya mtumba, ambayo feni yake ikishika kasi jirani anadhani tumefungua mashine ya kusaga. Huko haihifadhi kitu mpaka ulale ndani ya gemu, na umeme wa kwetu ukiamua kuondoka haukusubiri ulale. Ya simu inajihifadhi yenyewe.

Ila nimeiacha. Mwaka wa pili shamba langu lilikuwa na mitambo ya kumwagilia yenyewe, pesa zinaingia nikiwa nazunguka kijijini kugawa zawadi, na hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kukopa. Kijiji gani hicho? Mtu amevuna, kila mtu ameona, na mwezi unaisha hajapigiwa simu ya msiba, ada wala harusi. Nililima kwa raha mpaka shida zilipoisha, na zilipoisha sikuona la kufanya.

Balatro nitaipitia haraka, kwa sababu nikiikalia nitaifungua. Ni karata: unapanga mikono ya poka, jozi, rangi moja, mfululizo, upate pointi, na unanunua jokeri zinazopindisha hesabu mpaka jozi ya tatu tatu inaleta pointi za maelfu. Aliyeitengeneza ni Mkanada anayejiita LocalThunk, jina lake halisi hajalitoa hadharani. Ilitoka Februari 2024 na kwenye simu ikaja Septemba mwaka huohuo. Haili bando, haina matangazo, unainunua mara moja basi. Hamna pesa ya kweli inayochezwa mle ndani, hata senti. Pamoja na hayo PEGI, wale wa Ulaya wanaopanga gemu kwa umri, waliipa 18 kwa sababu ina picha za poka, wakaja kuishusha hadi 12 mwaka 2025 baada ya kukatiwa rufaa. Wakati huohuo gemu za mpira, zile zinazokuuzia pakiti usiyojua ndani yake yumo mchezaji gani, zilikuwa na alama ya umri wa miaka mitatu. Ubelgiji mwaka 2018 waliamua pakiti za namna hiyo ni kamari. Mimi naishi mji ambao kijana akikaa kimya na simu yake Jumamosi mchana unajua anakagua mkeka wake wa kubeti, kwa hiyo sina shida kutambua kamari nikiiona, na Balatro si yenyewe. Inakula usiku tu. Nimeifuta kwenye simu, nikairudisha, iko pale.

Nimebakiza basi, na basi ni la mdogo wangu zaidi kuliko langu.

Bus Simulator Indonesia ilitengenezwa na kampuni ya Kiindonesia, Maleo, ikaingia kwenye simu mwaka 2017. Mwaka mmoja kabla, watoto wa Indonesia walikuwa wanasimama kando ya barabara na mabango wakiwaomba madereva wa mabasi wapige zile honi zao za muziki, na video zao zikazunguka dunia nzima. Honi hiyo imo ndani ya gemu, na mdogo wangu anaipiga saa nne usiku mpaka mke wangu anapiga ukuta.

Nikisema ukweli kama gemu si nzuri sana. Magari mengine barabarani yana akili ndogo, yanasimama katikati bila sababu, na abiria wanapanda wakiwa hawana sura. Lakini ina vitu viwili. Kwanza, Waindonesia wanaendesha kushoto kama sisi. Usukani uko kulia, unalipita lori kwa upande uleule unaoujua, na kwa mtu aliyekulia kiti cha mbele cha basi la mkoani akimwangalia dereva, hilo linatosha kumrudisha nyumbani. Nimejaribu gemu za malori za Ulaya bara, kila nikifika mzunguko najishangaa. Pili, gemu inakuruhusu kulipaka basi rangi zako mwenyewe. Ni picha tu, unaipakia, basi linabadilika. Vijana wa huku wakaona nafasi. Wamechora mabasi ya mikoani jinsi yalivyo: mistari, maandishi ya ubavuni, maneno ya kioo cha nyuma, mpaka stika ya mwendo kasi 80. Picha hizo zinatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na mdogo wangu ana folda nzima ya hizo, amezipanga kwa mkoa.

Basi ukimkuta anaendesha utaona basi la Mbeya, limejaa maandishi ya Kiswahili, linaingia mji wa kisiwa cha Java kwenye mvua. Yeye haoni ajabu. Barabara zote ameshazibatiza. Kona fulani yenye mlima ni Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa, na akifika pale anapunguza gia na kunyamaza kwa adabu zote. Kuna kipande kirefu kilichonyooka chenye miti anakiita Mikumi, kama ile barabara inayopita hifadhini, na anakwenda polepole hata gemu haimlazimishi, eti kuna tembo. Nilimwambia hakuna tembo. Akaniuliza faini ya tembo nitalipa mimi?

Juzi tulikaa tukaanza kubishana gemu gani tungeitengeneza sisi kama tungekuwa na akili ya Barone na miaka minne ya kujifungia. Kwangu halikuhitaji kufikiriwa: daladala. Ila nataka uwe konda. Alfajiri unachukua gari, tajiri mwenye gari amekwambia hesabu yake ya siku, yaani pesa anayotaka jioni, na hesabu hiyo haipungui hata mvua ikinyesha kutwa nzima. Kuna mafuta. Kuna mpiga debe wa kituoni anayetaka chake kwa kuita abiria ambao wangepanda hata asipoita. Kuna mama wa noti ya elfu kumi asubuhi na mapema, na wewe huna chenji. Halafu kuna wanafunzi. Mwanafunzi analipa mia mbili na anachukua nafasi ya mtu mzima mzima. Wamejipanga kituoni na mabegi mgongoni, kumi na tano. Ukiwajaza, hesabu haifiki. Ukigonga bodi suka, yaani dereva, akaondoa gari, umewaacha pale na kengele inakaribia kulia. Hapo gemu isiseme neno. Jioni ikuonyeshe tu: mafuta, hesabu ya tajiri, faini kama ipo, ya suka, yako. Na kama yako haikutosha, kesho gari anapewa deiwaka, konda wa kutwa, wewe unakaa kijiweni unaangalia wenzako.

Mdogo wangu alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akasema gemu hiyo haitauzika kwa sababu haina usukani. Atakayeinunua, anasema, atataka kuwa suka. Konda ananing'inia mlangoni tu, atabonyeza nini? Nikamuuliza yule ofisa wa Arstotzka ana usukani gani. Akasema ndiyo maana yeye hajawahi kuimaliza.